MAISHA YA MWAMI MSIRI WA BUNKEYA



Watoto wetu wakirudi kutoka shule wanajua kutaja majina ya Leopold wa Pili, Stanley na Cecil Rhodes. Lakini ukiwauliza ni nani aliyekuwa bwana wa Katanga siku ile ilipopandishwa bendera ya buluu yenye nyota ya manjano, wengi wananyamaza. Na wazee wanaojibu hawajibu namna moja. Kuna wanaosema Msiri alikuwa shujaa aliyekufa kwa sababu alikataa kuuza nchi. Kuna wengine, hasa wale ambao mababu zao walimlipa kodi, wanatikisa kichwa na kusema alikuwa mkali kupita simba. Sisi tutasimulia yote mawili, maana mtu huyu alikuwa yote mawili.

MTOTO WA MCHUUZI WA SHABA

Alizaliwa karibu na mwaka wa 1830 katika nchi ya Wasumbwa, upande wa magharibi wa Unyamwezi, ambayo leo ni Tanzania. Jina lake la utoto ni Ngelengwa. Baadaye akaitwa Mwenda, na majirani wakamwita Msiri. Baba yake, Kalasa, alikuwa mfanya biashara wa misafara. Alivuka ziwa Tanganyika na watu wake kwenda kutafuta shaba katika nchi ya chifu aitwaye Katanga, ambaye jina lake lilipewa jimbo zima.

Tusidhani kwamba shaba ya nchi yetu ilivumbuliwa na Wabelgiji. Mamia ya miaka kabla yao mababu walichimba mawe ya kijani wakati wa kiangazi, baada ya kuvuna mtama. Walijenga tanuru ndogo kwa udongo wa kichuguu, wakatia makaa ya mti mgumu, na vijana wakavukuta kwa mivuo ya ngozi ya wanyama mpaka shaba ikatiririka. Walioyeyusha waliitwa wala shaba, kwa maana ndiyo iliyowalisha. Waliimimina katika mchanga, ikatoka kwa umbo la msalaba, na misalaba hiyo ilikuwa fedha ya nchi. Kwa misalaba ya shaba mtu alinunua mbuzi, alilipa faini, alitoa mahari.

Kalasa alipozeeka alimtuma mwana wake. Karibu na mwaka wa 1856 Ngelengwa aliingia Katanga na msafara wake pamoja na kitu ambacho wenyeji walikuwa nacho kidogo sana au hawakuwa nacho kabisa, yaani bunduki. Hazikuwa bunduki nzuri. Zilikuwa gobori za kushindilia kwa mdomo, nyingi zikiwa zimetupwa na majeshi ya Ulaya yaliyopata silaha mpya. Lakini mbele ya mishale na mikuki, hata gobori moja inapiga kelele kubwa.

Wakati ule Baluba wa kaskazini walikuwa wakiwashambulia Basanga. Chifu Pande wa Basanga akamwomba mgeni msaada. Mgeni akasaidia, Baluba wakarudi nyuma, na Pande akamheshimu sana na kumpa kombe la baharini, alama ya utawala. Msaada huo ukawa mlango. Kwa miaka michache Msiri hakuwa tena mgeni wa Pande. Machifu wadogo wakaanza kumletea yeye pembe za ndovu. Mfalme Kazembe wa Luapula, aliyekuwa amezoea kupokea ushuru kutoka nchi ya magharibi ya mto, akaona ushuru umekatika. Msiri akajiita Mwami. Watu wake wakaitwa Bayeke, jina linalosemekana kutoka kwa chama cha wawindaji wa tembo, na ufalme ukaitwa Garenganze.

NJIA MBILI ZA BAHARI

Sasa ni lazima tutazame mbali kidogo na Bunkeya, la sivyo hatutaelewa nguvu ya mtu huyu ilitoka wapi.

Katika miaka ile matajiri wa Ulaya na Marekani walipenda kuwa na piano nyumbani, na vidonge vya piano vilifunikwa kwa pembe za ndovu. Mipira ya mchezo wa bilia ilichongwa kwa pembe hizo hizo. Bei ya pembe ilipanda Zanzibar mwaka kwa mwaka. Kutoka Marekani meli zilileta kitambaa cha pamba, ndiyo maana mpaka leo tunakiita merikani. Basi binti akipiga piano kule London au Boston, mahali fulani Katanga tembo alikuwa ameanguka, na mpagazi alikuwa amebeba mzigo wake miezi mingi.

Msiri alifahamu jambo moja ambalo wakubwa wengi wa wakati wake hawakulifahamu: anayetegemea njia moja ni mtumwa wa mwenye njia. Yeye alikuwa katikati ya bara, basi akafungua njia mbili. Ya mashariki ilipita Tanganyika na Tabora, ikashuka Bagamoyo na Zanzibar. Ya magharibi ilipita kwa Waovimbundu wa Bihe, ikashuka Benguela, mji wa Wareno katika Angola. Watu wa mashariki wakipandisha bei ya baruti, aliwaita wa magharibi. Hata katika ndoa alifuata njia hiyo, maana kati ya wake zake wengi alikuwapo Maria de Fonseca, aliyetoka katika jamaa la wachuuzi wa upande wa Angola.

Kutoka Bunkeya zilitoka pembe, shaba na chumvi ya Mwashya. Bayeke walileta pia ufundi wa kuvuta shaba kuwa nyuzi nyembamba za bangili, na inasimuliwa kwamba walileta viazi vitamu pamoja na desturi ya kuchanja watu ili ndui isiwaue. Hayo ni mema, na tumshukuru aliyeyaleta.

Lakini kulikuwa na bidhaa nyingine, nayo ilikuwa watu. Hatuwezi kuficha hilo kwa sababu tu mwenye kuuza alikuwa Mwafrika kama sisi. Mateka wa vita, watoto wa machifu waliochelewesha kodi, wanawake waliokamatwa mashambani, walifungwa kwa miti na kupelekwa. Wengi walikwenda magharibi. Utumwa ulikuwa umekwisha katika sheria za Wareno, lakini watu wa bara walionunuliwa na kupitishwa Bihe na Benguela walitiwa alama kwenye karatasi wakaitwa vibarua, kisha wakapakiwa melini kwenda kisiwa cha São Tomé kulima kakao. Wachache sana walirudi. Ulaya ilikuwa ikijifunza kunywa na kula chokoleti. Kwa hiyo Msiri hakuwa nje ya historia ya dunia, akingoja Wazungu wamwingize. Alikuwa ndani yake tayari, na wale aliowauza walikuwa ndani yake zaidi, migongoni.

Kwa pembe na watu alinunua baruti. Kwa baruti alipata pembe nyingine na watu wengine. Bunkeya ikawa mji mkubwa, wenye watu wa kabila nyingi na misafara ya pande zote. Wageni waliofika waliandika juu ya mafuvu ya watu yaliyotundikwa kwenye miti ya boma lake. Ilikuwa barua yake kwa kila mwenye kufikiri kuasi.

MZUNGU ASIYE NA BENDERA

Mwezi wa pili mwaka wa 1886 alifika Bunkeya Mskoti kijana, Frederick Stanley Arnot, akitokea Benguela. Hakuwa na askari wala kompani. Alikuwa mmisioneri, tena maskini. Mwami hakumpokea mara moja. Waganga walipewa siku za kuupima moyo wake kwanza, na waliposema ni mweupe kama ngozi yake, ndipo akaitwa mbele. Arnot alikaa miaka miwili, akakusanya yatima waliobaki nyuma ya misafara. Baadaye wakafika Swan na Faulknor, na mwaka wa 1890 Dan Crawford.

Hatuna habari kwamba Mwami aliamini mahubiri yao. Aliwatumia kwa kazi nyingine, maana walijua kusoma. Mfalme aliyetawala nchi kubwa hakuweza kusoma karatasi, na wakati ule karatasi zilikuwa zimeanza kuwa hatari kuliko bunduki. Inasemekana wamisioneri walimshauri asitie alama kwenye karatasi yoyote kabla haijasomwa kwa lugha anayoielewa. Ushauri huo aliushika.

KARATASI ZILIZOANDIKWA MBALI

Huko Berlin, kuanzia Novemba 1884 mpaka Februari 1885, wakubwa wa Ulaya walikutana na kupanga namna ya kugawana Afrika. Hakuna Mwafrika aliyeitwa. Mwezi wa nane mwaka wa 1885 Leopold alitangaza mipaka ya dola lake la Kongo, na Katanga ikawamo ndani ya mstari. Hakuna mtu wake hata mmoja aliyekuwa amelala Bunkeya. Lakini kufuatana na desturi yao, mstari peke yake haukutosha, ilipaswa kuwe na bendera au mkataba. Cecil Rhodes alilijua hilo, naye alitaka shaba kwa kompani yake ya Kiingereza.

Novemba 1890 alifika Alfred Sharpe kwa niaba ya upande wa Rhodes. Mkataba ulisomwa, Mwami akaelewa kwamba anaombwa kutoa nchi, akamfukuza.

Ndugu msomaji, ushike tarehe zifuatazo. Tarehe 15 Aprili 1891 iliundwa Ulaya Kompani ya Katanga, na Leopold aliiahidi theluthi moja ya ardhi ya nchi hii kama ingeisimamia kwa niaba yake. Tarehe 18 Aprili, siku tatu baadaye, ofisa wake Paul Le Marinel aliingia Bunkeya kumwomba Mwami akubali bendera. Yaani ardhi ilikuwa imekwisha kugawanywa kabla mwenyewe hajaombwa. Msiri alikataa bendera, akaruhusu tu kituo kidogo mbali na mji, kwenye mto Lofoi. Mwezi wa kumi alikuja Delcommune na maombi yale yale, na jibu likawa lile lile.

NYUMBA INAYOTIKISIKA

Kwa nini basi mtu aliyewakatalia watatu hakuweza kumkatalia wa nne? Wengi wanajibu: kwa sababu ya bunduki za Wazungu. Sisi tunaona jibu hilo ni nusu tu.

Basanga, wale wale waliomkaribisha wakati wa Pande, walikuwa wamechoka. Kodi ilizidi, watoto wao walichukuliwa, na mwanamke wa kwao aitwaye Masengo alipouawa, hasira ikapasuka. Walianza kushambulia misafara, kuchoma mashamba, kuua watu usiku pembeni ya Bunkeya yenyewe. Mashamba yakaachwa, na njaa ikaingia. Machifu wengine wakaacha kuleta ushuru.

Tena baruti ilipungua. Mwezi wa saba mwaka wa 1890 mataifa ya Ulaya yalikubaliana kule Brussels kuzuia silaha na baruti zisiuzwe ovyo katika Afrika ya kati. Walisema ni kwa ajili ya kupiga vita biashara ya watumwa, na sehemu ya maneno hayo ilikuwa kweli. Lakini makatazo hayo hayakugusa bunduki za majeshi yao. Msiri alikuwa amejenga ufalme juu ya kitu ambacho watu wake hawakujua kukitengeneza. Shaba walijua, chumvi walijua, nyuzi za bangili walijua. Baruti ilitoka kwa wengine, na wengine wakafunga mkono.

TAREHE 20 DESEMBA 1891

Wa nne alikuwa William Stairs, ofisa wa jeshi la Kiingereza aliyezaliwa Halifax, Kanada. Maajabu ya mambo haya: mwanajeshi wa Malkia wa Uingereza aliajiriwa na Kompani ya Katanga kuwanyang'anya Waingereza wenzake nchi hiyo kwa faida ya mfalme wa Wabelgiji. Alitoka pwani ya Zanzibar na watu zaidi ya 300, wengi wao wapagazi na askari wa pwani, wasemaji wa lugha hii hii tunayoiandika. Pamoja naye walikuwa kapitene Omer Bodson, Mbelgiji, Mfaransa de Bonchamps, na daktari Joseph Moloney. Walifika Bunkeya tarehe 14 Desemba 1891, wakakuta harufu ya njaa na mafuvu kwenye boma.

Mazungumzo hayakuzaa kitu. Msiri alitaka baruti kwanza, Stairs alitaka bendera kwanza. Tarehe 19 Stairs alipandisha bendera juu ya kilima bila ruhusa. Usiku ule Mwami aliondoka mjini akaenda kijiji cha Munema, karibu na hapo.

Asubuhi Stairs alimtuma Bodson na de Bonchamps na askari mia moja kumleta Mwami, apende asipende. Bodson aliingia bomani na askari wachache, wengine wakabaki nje. Alimkuta Msiri ameketi, watu wake wenye bunduki wamemzunguka. Maneno yakawa makali. Mwami akasimama, mkono kwenye upanga, na Bodson akampiga kwa bastola. Akaanguka hapo hapo. Kijana wa nyumba yake, Masuka, akampiga Bodson tumboni, naye akafa siku ile ile. Yote yalikwisha kwa dakika chache, kisha askari wa nje wakaingia wakipiga risasi.

Kichwa cha Mwami kilikatwa na kuinuliwa juu ya mti ili watu waone kwamba amekufa kweli. Mtu aliyetundika mafuvu ya wengine naye akatundikwa. Wapo wanaolitaja jambo hilo kwa furaha. Sisi hatufurahi, maana waliofanya hivyo walisema wamekuja kukomesha ukatili.

WALIOSHANGILIA

Basanga walishangilia, na ni nani atakayewalaumu? Walidhani mzigo umetuliwa. Mukanda Bantu, mwana wa Msiri, alikubali bendera akapewa kutawala sehemu ndogo ya nchi ya baba yake. Bunkeya ikatawanyika, njaa ikaua wengi wa kila upande, hata watu wa Stairs. Stairs mwenyewe alikufa kwa malaria huko Chinde, mwezi wa sita mwaka wa 1892, kabla ya kufika kwao kupokea sifa.

Haukupita muda, serikali ya Leopold ikaanza kudai chakula, wapagazi na pembe. Chifu mmoja wa Basanga, Mulowanyama, alikataa kama Msiri alivyokataa. Mwishoni mwa karne ile alizingirwa pangoni na askari wa serikali, pamoja na watu wake, na wengi walikufa humo kwa moshi na kukosa hewa. Walioisaidia serikali katika vita dhidi ya Basanga walikuwa wapiganaji wa Bayeke wa Mukanda Bantu. Miaka minane tu ilikuwa imepita tangu Munema. Jana Basanga walifurahia Wazungu wampige Msiri, na leo mwana wa Msiri aliwasaidia Wazungu kuwapiga Basanga.

Mwaka wa 1892 Jules Cornet, mwanachuo wa mawe, alipita katika mashimo ya wala shaba akaandika alichoona. Mwaka wa 1906 ikaundwa Union Minière. Mwaka wa 1910 reli kutoka kusini, ile iliyoanzishwa na watu wa Rhodes, ilifika Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, na mwaka wa 1911 tanuru la kwanza la kompani likamwaga shaba. Vijana walikusanywa vijijini kwa kazi ya mgodi, na katika miaka ile ya kwanza wengi waliangushwa na magonjwa ya kambini. Katika vita vya 1914 mpaka 1918 shaba ya Katanga ilitumika kutengeneza risasi na makombora ya Ulaya. Na kutoka Shinkolobwe, karibu na Likasi, ilitoka sehemu kubwa ya uraniumu ya mabomu yaliyoangushwa Japani mwezi wa nane mwaka wa 1945. Wakulima wa Hiroshima hawakupata kusikia jina la Msiri, wala wala shaba hawakupata kusikia la Hiroshima.

Mukanda Bantu alikufa mwaka wa 1910, mwaka ule ule reli ilipofika. Jamaa yake inaendelea kutoa wafalme wa Bayeke, wanaoitwa Mwami Mwenda mpaka sasa, na kila tarehe 20 Desemba watu hukusanyika Bunkeya kumkumbuka aliyekufa Munema. Wanasimulia kwamba kichwa chake kilichukuliwa na msafara uliorudi. Kilipozikwa, au kilipotupwa, hakujulikani mpaka leo.